Sera ya Maradhi Sugu na Safari Yake Hadi Zahanati ya Kijiji

(Maelezo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wakazi wa Kata ya Kang'ata)

Kwa miaka mingi, ugonjwa ulipotajwa katika vijiji vya Handeni, fikra za watu zilikwenda moja kwa moja kwenye malaria, kuhara, surua, kifua kikuu na, baadaye, UKIMWI. Zahanati zilijengwa kwa ajili ya maradhi ya aina hiyo. Mgonjwa aliingia na homa yake, akapimwa, akapewa dawa za siku tatu au saba, akapona au akapewa rufaa. Mazoea yote ya zahanati, kuanzia daftari la wagonjwa hadi kabati la dawa, yaliwekwa kwa kumfikiria mgonjwa anayekuja mara moja na kuondoka.

Shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha, halina tabia hiyo. Mtu anaweza kulima, kuchoma mkaa, kuendesha bodaboda au kuchimba dhahabu miaka kumi akiwa nalo, wala asihisi lolote. Siku anapolitambua huenda ndiyo siku mkono na mguu wa upande mmoja vinapokataa kutii na mdomo unapokwenda upande. Hapo majirani husema ametupiwa kitu, na saa zile za mwanzo, ambazo hospitali ingeweza kuzitumia, hupotea njiani. Kisukari nacho huingia kwa hila: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara usiku, kidonda cha mguu kisichofunga. Wengine hawaoni hata dalili hizo mpaka macho yaanze kufifia.

Maradhi haya, pamoja na saratani, magonjwa ya moyo, pumu na maradhi mengine sugu ya njia ya hewa, na selimundu ambayo wengi huiita sikoseli, ndiyo yanayoitwa kwa pamoja magonjwa yasiyoambukiza. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika ukanda wake wa Afrika yalisababisha asilimia 24 ya vifo mwaka 2000, na kufikia mwaka 2019 sehemu hiyo ilikuwa imepanda hadi asilimia 37. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, uliona kwamba asilimia 25.9 walikuwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9.1 walikuwa na kisukari. Kwa lugha ya kijiji, katika kila watu wazima wanne walioketi kwenye benchi moja, mmoja ana presha, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui.

Wapo wanaosema kwamba haya ni maradhi ya wenye nacho, yaliyokuja na magari na maisha ya mijini. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli na historia ndefu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu kazi yake Nyanza ya Kusini, nchini Kenya. Alieleza kwamba katika wagonjwa 1,800 waliolazwa kwa muda wa miaka miwili hakumpata hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Miaka ya 1980 watafiti waliongozwa na swali lililozaliwa na taarifa kama hiyo: je, ni damu ya Mwafrika iliyomkinga, au ni maisha yake? Wakawafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi. Katika miezi michache tu ya kukaa mjini shinikizo lao lilipanda kuliko la wenzao waliobaki nyumbani. Uzito wao uliongezeka, wakala chumvi zaidi, na wakapungukiwa na madini ya potasiamu yanayopatikana katika matunda na mboga. Damu ilikuwa ileile ya nyumbani.

Utafiti huo unastahili kukumbukwa Kang'ata kwa sababu siku hizi si lazima mtu ahamie mjini. Mji humfuata alipo. Barabara, duka la rejareja, machimbo na simu ya mkononi vimeleta soda, chipsi, mafuta ya kupikia ya bei nafuu, viungo vya mchuzi vilivyojaa chumvi, na sembe iliyokobolewa mahali pa dona. Mlenda, mchunga na kisamvu havijatoweka, lakini vijana wengi wanavihesabu kuwa chakula cha kiangazi. Katika vijiji sita vya Tanzania vilivyochunguzwa miaka ya 1980 na timu ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili, kisukari kilionekana kwa takriban mtu mmoja katika mia. Vipimo vya wakati ule na vya mwaka 2012 havilingani kwa kila jambo, na utafiti wa baadaye ulijumuisha miji, kwa hiyo haifai kuweka namba hizo mbili kwenye mizani kana kwamba ni mahindi na mahindi. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi. Miongoni mwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito walikuwa asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa 2004–05, na asilimia 28 katika ule wa 2015–16.

Kama chanzo ni maisha, basi mtu aweza kudhani kwamba tiba ni kuonya watu wabadili maisha. Hapo ndipo mjadala wa sera unapoanza, maana onyo peke yake ni dawa dhaifu. Mchimbaji anayekula kwenye kibanda hachagui kiasi cha chumvi kilichotiwa chunguni. Mama anayepika kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha hakuchagua moshi. Bei, sheria, kipimo kilichopo karibu na dawa isiyokatika ni mambo yanayoamuliwa na umma, na umma ndio unaowajibika kuyaamua vizuri.

Tanzania haikuanza jana. Chama cha Kisukari kilianzishwa mwaka 1985. Bunge lilitunga Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, inayokataza kumuuzia sigara mtoto mwenye umri chini ya miaka 18, na mwaka 2007 nchi ikaridhia Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku. Wizara ya Afya ilitoa mkakati wa kwanza wa magonjwa yasiyoambukiza mwaka 2009, ukafuatwa na mwingine wa 2016 hadi 2020. Novemba 2019, jijini Dodoma, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza. Tangu hapo wiki moja ya Novemba kila mwaka hutumika kupima watu na kutoa elimu.

Katika hatua zote hizo, iliyoonekana upesi zaidi vijijini ni ya tarehe 1 Machi 2017, pale pombe kali ya viroba ilipopigwa marufuku. Kiroba kilikuwa kimeshuka bei hadi kumfikia mwanafunzi, na kiliingia mfukoni bila mtu kuona. Hakuna semina iliyowahi kufanya kilichofanywa na amri ile: bidhaa iliondoka kwenye rafu. Kweli, chupa ndogo zilijitokeza baadaye, na gongo haikungoja ruhusa ya mtu. Lakini ukweli kwamba marufuku haikumaliza ulevi haupunguzi thamani yake. Bei na urahisi wa kupata ni nusu ya tatizo la pombe. Uganda nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2019.

Hatua nyingine zilipokelewa kwa tabasamu. Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Kwa karani wa ofisi na mwenye duka anayekaa kwenye kiti kutwa nzima, agizo hilo lina maana kubwa, kwa kuwa mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kila wiki. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani kutoka bondeni, mtoto mgongoni, hana haja ya kuambiwa akimbie Jumamosi. Yeye anahitaji bomba la maji na kipimo cha presha. Sera njema hutofautisha watu hao wawili.

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ni mfano wa sera iliyofika hadi darasani. Ilijaribiwa kwanza Kilimanjaro, na Aprili 2018 ikazinduliwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa: dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ikiwa imekwisha kuenea. Maneno yaliyosambazwa kwamba chanjo inaharibu uzazi hayana msingi. Kinachoweza kuharibu uzazi, na kuondoa uhai, ni kirusi kinachokingwa na chanjo hiyo. Kwa mama aliyekwisha kupita umri wa chanjo upo uchunguzi rahisi unaotumia siki. Huchukua dakika chache, na doa likionekana mapema hutibiwa kabla halijawa saratani.

Kuhusu moshi, Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Katika wilaya kama Handeni, ambako mkaa ni jiko la mmoja na mshahara wa mwingine, lengo hilo lina uchungu wake, na haifai kulizungumza kana kwamba kila kaya ina fedha za kujaza mtungi wa gesi. Hata hivyo mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni mwake hayasubiri mwaka 2034. Jiko banifu, dirisha pana, au kuhamishia jiko barazani hupunguza moshi kuanzia leo. Kwa wachimbaji wadogo kuna jambo la ziada: vumbi la mawe yanayotwangwa na kusagwa hukaa mapafuni bila kutoka, hukomaza kovu, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Kumwagia mwamba maji wakati wa kupasua na kufunga kinga ya pua na mdomo ni kazi ndogo ukilinganisha na kikohozi cha maisha.

Ndugu wananchi, yote yaliyotajwa ni ya kuzuia. Lililo gumu zaidi ni la wale ambao tayari wana maradhi, na hapo ndipo sera hupimwa kwa umbali wa kilomita.

Mwenye presha hutumia dawa maisha yake yote. Akiambiwa aifuate hospitali ya wilaya au Bombo, Tanga, kila mwezi, hesabu yake ni nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula, na siku nzima ya kazi iliyopotea, ili apate vidonge ambavyo bei yake yenyewe ni ndogo kuliko nauli. Mwezi wa kwanza ataenda, na wa pili pia. Mwezi wa tatu ni msimu wa palizi, na kwa kuwa hasikii maumivu yoyote, anaacha. Hakuna aliyekataa matibabu hapo. Njia ya kuyapata ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko uwezo wake, na kumwita mzembe ni kumwonea.

Afrika Mashariki imekwisha kuutatua ugumu wa namna hii mara moja. Oktoba 2004 Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwanzoni zilitolewa katika hospitali chache. Baadaye zikashushwa hadi vituo vya afya na zahanati, kila mgonjwa akawa na kadi na tarehe, na asiyefika akafuatwa nyumbani. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda, likihusisha watu zaidi ya 7,000. Wenye VVU, wenye kisukari na wenye presha walihudumiwa katika kliniki moja, foleni moja, na wahudumu walewale. Wenye virusi hawakudhurika kwa kuchanganywa na wengine, kama ilivyohofiwa, na wenye presha na kisukari walidumu katika matibabu kwa kiwango kikubwa. Foleni moja ilikuwa na faida nyingine ambayo haikuhitaji kipimo cha maabara: aliyeketi kwenye benchi hakujulikana ana ugonjwa gani.

Kwa bara zima, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilizokutana Lomé, Togo, Agosti 2022 zilikubaliana juu ya mkakati wa kusogeza hadi hospitali za wilaya huduma za maradhi sugu mazito, kama kisukari cha watoto, selimundu na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Aprili 2024 mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu mpango huo ulifanyika Dar es Salaam. Tanzania ina sababu ya kuwa mwenyeji, kwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nchini kila mwaka wakiwa na selimundu. Mtoto anayevimba vidole, anayelia kwa maumivu ya mifupa na kupungukiwa damu mara kwa mara hakulogwa na shangazi. Anahitaji kupimwa damu, na wazazi wanahitaji kuambiwa kwamba ugonjwa huo hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, ili mzigo wa lawama usimwangukie mama peke yake.

Januari 2024 kulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Mpango huo ukitimia, ndio utakaomfikia mwenye presha aliyeacha dawa wakati wa palizi. Mhudumu wa kitongoji anajua nani amerudi kutoka Korogwe na nani amelala tangu juzi; habari hizo hazimo katika kompyuta yoyote ya wizara.

Kuhusu gharama, kaya iliyojiunga na CHF iliyoboreshwa ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita, na kadi yake ilitambuliwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha. Lakini kadi na msamaha havina kazi mbele ya kabati tupu. Mzee anayeambiwa dawa zimekwisha, akanunue duka la dawa, amelipa kwa njia ya mzunguko alichosamehewa kwa maandishi.

Na kabati hilo, tofauti na wengi wanavyodhani, halijazwi kwa uamuzi wa Dodoma peke yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo cha kutolea huduma. Kila zahanati ina kamati ya usimamizi ambamo wamo wawakilishi wa wananchi, na kamati hiyo hushiriki kupanga mpango na bajeti ya mwaka. Wajumbe wakiwa hawajui kwamba kijijini wapo wenye presha wangapi, wataagiza dawa za malaria na za kuhara kama kawaida, kwa nia njema kabisa, na wenye presha wataendelea kupanda magari kwenda kufuata vidonge mbali.

Kwa hiyo maswali manne yanafaa kuulizwa katika kila kijiji cha kata. Je, kipimo cha presha cha zahanati kinafanya kazi, na betri zake zinanunuliwa na nani? Je, vipo vijiti vya kupimia sukari? Je, kuna daftari la wagonjwa wa kudumu, lenye tarehe ya kila mmoja kurudi? Na katika miezi mitatu iliyopita dawa za presha na za kisukari zilikosekana siku ngapi? Mganga mfawidhi anayeulizwa hayo kwa heshima hatakasirika. Wengi wao wamekuwa wakitamani yaulizwe, kwa sababu swali la wananchi likiandikwa kwenye muhtasari huwa na nguvu kuliko ombi la mtumishi mmoja.

Yapo pia yasiyongoja kikao. Kila mwenye umri wa miaka 40 na zaidi apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, na aliyezidi 140 kwa 90 arudi kupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa, maana mtu aliyetoka kutembea juani au kugombana sokoni huwa juu kwa muda. Chumvi ya mtu mmoja kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika viungo vya mchuzi. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, hasa akiwa analima peku. Na anayepinda mdomo ghafla, au kuishiwa nguvu upande mmoja, au kuongea maneno yasiyoshikika, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata akionekana kupata nafuu njiani.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa taratibu, huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Taarifa ya zahanati inaweza kusomwa katika kikao hicho hicho, ikiwa na hesabu ya dawa zilizoagizwa, zilizofika na zilizokosekana. Mwananchi anayetaka iwekwe kwenye ajenda hupeleka ombi lake kwa mtendaji wa kijiji kabla ya siku ya mkutano, kwa maandishi, na kubaki na nakala.